Barua za Wasomaji: Je, Akina Silva Wote Ni Ndugu?

Tangu tuandike kwa ufupi juu ya majina ya ukoo ya Kireno, barua tulizopokea karibu zote zimeuliza jina moja. Basi ukurasa wa leo wote ni wa Silva. Barua tumezifupisha, lakini maswali tumeyaacha yalivyo.

Ndugu Mhariri, kila ninaposoma habari za Brazili naambiwa Silva maana yake ni msitu. Kamusi yangu ya Kireno inasema silva ni mmea wenye miiba. Nani mkweli?

Wote wawili. Mmoja anasema Kilatini, mwingine Kireno cha leo. Kwa Warumi, silva ilikuwa msitu au pori. Katika Kireno cha sasa msitu huitwa floresta au mata, na ule mnene wa nchi za joto ni selva. Silva lenyewe limebakiwa na kazi ndogo: ni kile kichaka cha miiba kinachotambaa juu ya kuta za mawe na kuvamia mashamba yaliyotelekezwa, chenye matunda meusi yanayofanana sana na forosadi, nayo huitwa amora. Mkulima wa kaskazini mwa Ureno akinung'unika kwamba silvas zimemzidi, hazungumzii ukoo wowote, anatafuta panga. Kichaka kizima ni silvado au silveira, na hilo la pili likazaa jina jingine la ukoo, Silveira, ambalo watu hulichanganya na Silva ingawa lina safari yake lenyewe.

Hata hivyo, kwa jina la ukoo maana ya neno haina uzito kama mahali. Hakuna aliyeitwa "Bwana Msitu". Alikuwapo fulani *da* Silva, yaani fulani wa Silva, mtu aliyetoka kijiji au shamba lenye jina hilo. Na vijiji hivyo si kimoja. Ipo Silva ya Valença, karibu na mpaka wa Uhispania. Ipo Silva ya Barcelos. Ipo Silva ya Miranda do Douro, mbali kabisa upande wa mashariki. Anayetafuta chemchemi moja ya jina hili amepotea kabla hajaanza, maana mto huu ulikuwa na chemchemi nyingi tangu mwanzo.

Lula, mwanasiasa wa Brazili, ni da Silva, Cavaco aliyekuwa rais wa Ureno ni Silva, Bernardo na Thiago wa kandanda nao ni Silva. Hawa si ukoo mmoja kweli?

La. Ukoo wa makabaila ulikuwapo, hilo ni kweli: akina Silva wa Minho, kaskazini mwa Ureno, ambao vitabu vya nasaba huwaanzisha kwa Guterre Alderete da Silva, katika karne ya 11, huko huko upande wa Valença. Wazao wao waliingia katika nyumba za wafalme wa pande zote mbili za mpaka. Ruy Gómez de Silva, Mreno aliyezaliwa Chamusca mwaka 1516, alikuwa mtu wa karibu kabisa wa Felipe II wa Uhispania na akapewa cheo cha mkuu wa Éboli. Lakini ukoo ule, hata ungezaa namna gani, usingeweza kujaza nchi mbili.

Wengi walilipata jina hili kwa njia nyingine, na karibu kila mara kuna mtu mwenye kalamu katikati. Padri anabatiza, anauliza mtoto ni wa nani, anaandika. Mpangaji wa shamba anaandikwa kwa jina la shamba. Mtoto wa mtu asiye na kitu anapewa jina la msimamizi wake wa ubatizo, ambaye mara nyingi ndiye tajiri wa kijiji. Mtoto aliyetupwa anapewa lolote. Ureno ilikuwa na chombo maalumu kwa watoto hao: kasha la mbao linalozunguka, limejengwa ndani ya ukuta, mama anamweka mtoto upande wa barabarani usiku, anazungusha, anagonga kengele, anaondoka bila kuonekana uso. Chombo hicho kiliitwa roda, gurudumu, neno lile lile tulilolichukua sisi kwa kapi ya kuvutia kamba. Mwaka 1783 serikali iliagiza ziwekwe katika kila mji wa Ureno. Watoto wa roda walitoka na jina la ubatizo, na jina la ukoo wakaja kulipata ukubwani: wengine Exposto, yaani "aliyewekwa nje", wengine la dini kama de Jesus au dos Santos, wengine la familia iliyowalea.

Brazili ilifanya hayo hayo kwa wingi zaidi, maana huko kulikuwa na utumwa. Mtumwa aliandikwa kwa jina la ubatizo pamoja na alikotolewa, João Angola, Maria Mina, wala jina la ukoo hakuwa nalo. Akiachwa huru ndipo alipolihitaji. Mfano unaojulikana sana ni Xica da Silva wa Tijuco, mji unaoitwa leo Diamantina. Bwana wake mmoja aliitwa Sardinha. Aliyemfuata, mkandarasi wa almasi João Fernandes de Oliveira, ndiye aliyemwacha huru mwaka 1753. Hakuna Silva hapo! Hata hivyo mwanamke huyo aliingia katika hati kama Francisca da Silva, kwa sababu lilikuwa jina la kawaida la mtu asiye na jina. De Oliveira aliliongeza baadaye. Kwa hiyo kanuni inayopendwa sana, kwamba mtumwa alichukua jina la bwana wake, ni kweli mara nyingi na si kweli mara nyingi vilevile. Usiitegemee peke yake.

Ipo na hadithi kwamba Wareno waliotua Brazili waligawanywa: wa pwani wakaitwa Costa, wa bara wakaitwa Silva. Tamu, lakini Costa na Silva yalikuwa majina ya watu huko Ureno karne nyingi kabla meli ya kwanza haijafika Brazili mwaka 1500.

Jumla ya hayo yote ndiyo hii: katika sensa ya Brazili ya 2022, watu wapatao milioni 34 walikuwa na Silva ndani ya jina lao, karibu mmoja kati ya kila sita. Huko Ureno nako ndilo linaloongoza. Miongoni mwa akina Silva wa Brazili, wa jana na wa leo, wamo marais wa kijeshi kama Costa e Silva na mtoto wa maskini wa Pernambuco kama Lula, wamo Tiradentes, mpigania uhuru aliyenyongwa mwaka 1792 (Joaquim José da Silva Xavier ndilo jina lake) na Duque de Caxias, jenerali wa ufalme (Luís Alves de Lima e Silva). Kuwaunganisha kwa jina ni sawa na kuwaunganisha akina Juma wote.

Da Silva, de Silva, D'Silva, Silva tupu. Lipi sahihi? Na je, ile "da" ni alama ya ukabaila?

Tuanze na la pili. Si alama ya ukabaila. Katika Kireno *da* ni kiunganishi tu, *de* na *a* zilizogandana, kwa sababu silva ni neno la jinsia ya kike. Kwa la kiume ingekuwa *do*. Fukara na mkuu walikitumia sawa. Ndugu wawili wa baba mmoja wanaweza kuandikwa mmoja da Silva na mwingine Silva, na mtu yule yule akabatizwa kwa moja akazikwa kwa jingine. Ureno na Brazili huandika *da* kwa herufi ndogo na hawaihesabu wanapopanga majina: Lula yumo chini ya S.

Maumbo mengine yanakueleza nani aliandika. *De Silva* ni umbo la Sri Lanka, na pia la Kihispania. *D'Silva* yenye ritifaa (') ni ya Goa, Mangalore na Mumbai nchini India, na imepitia mikono ya makarani wa Kiingereza. Mtu huyo huyo akiwa na cheti cha Kireno cha Goa ataonekana humo kama da Silva. *Da Silva* yenye D kubwa, iliyopangwa chini ya D, ni ya Ufaransa na Luxembourg, walikohamia vibarua wengi wa Kireno miaka ya 1960 na 1970. *Sylva* ni tahajia ya Kireno cha zamani, kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1911. Huko Massachusetts na Rhode Island, walikoshukia mabaharia wa kuvua nyangumi kutoka visiwa vya Azores, utakuta *Sylvia* na hata *Silver*. Karani alisikia, akaandika alivyosikia. Hawaii nayo ina akina Silva wake: meli ya Priscilla ilifika huko mwaka 1878 na wakulima kutoka Madeira kwa ajili ya mashamba ya miwa.

Ukitafuta kwenye hifadhi za mtandaoni, basi, tafuta kwa S na kwa D, kwa i na kwa y. Kuacha moja ya hizo ndiyo sababu ya kawaida ya mtu kusema "hayumo" wakati yumo.

Tahadhari moja: si kila Silva ni wa Kireno. Galicia, jirani wa kaskazini mwa Ureno, ina Silva zake za asili. Chile jina hili limo katika kumi ya juu, nalo lilikwenda huko na Wahispania. Na Lombardia kaskazini mwa Italia wapo akina Silva ambao neno lao ni lile la Kilatini bila kupitia Lisbon.

Mchezaji kriketi wa Sri Lanka anaitwa Aravinda de Silva, na sura si ya Kireno hata kidogo. Imekuwaje?

Sura haina habari. Jina lilikuja na maji ya ubatizo. Wareno walifika Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 16 na wakashika pwani hadi Waholanzi walipowaondoa, Colombo mwaka 1656 na Jaffna mwaka 1658. Mfalme Dharmapala wa Kotte alibatizwa mwaka 1557, na watu wa pwani, wavuvi hasa, walibatizwa makundi kwa makundi. Aliyebatizwa alipewa jina la Kikristo pamoja na jina la ukoo la msimamizi au la ofisa wa Kireno aliyekuwapo. Ndiyo maana pwani ile imejaa Silva, Perera, Fernando, Mendis na Fonseka. Wareno wakaondoka, wengine wakarudi kwenye Ubuddha, jina likabaki.

Tazama jina kamili la mchezaji huyo, aliyepiga mikimbio 107 bila kutolewa katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1996: Pinnaduwage Aravinda de Silva. Sehemu ya kwanza, inayoishia na *-ge*, ndiyo jina la nyumba kwa Kisinhala. *Ge* ni "nyumba ya". Hapo ndipo ukoo ulipo. De Silva ni nguo ya juu. Wasinhala wawili wenye de Silva moja na *ge* tofauti hawana undugu wa kuhesabika, na anayechora mti wa ukoo wa Kisinhala kwa kufuata de Silva peke yake atachora msitu.

Baadaye wengine walilivua. Don David Hewavitarne, mtetezi wa Ubuddha, aliliacha Don David akajiita Anagarika Dharmapala. De Silva, kwa upande wake, liliwashinda wengi kulivua, Colvin R. de Silva, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto aliyesimamia uandishi wa katiba ya 1972 iliyoifanya nchi kuwa jamhuri, alibaki nalo.

Goa ni hadithi ya jirani. Afonso de Albuquerque aliiteka mwaka 1510 na utawala wa Kireno ukaendelea hadi Desemba 1961. Huko pia majina yalitoka kwa padri na msimamizi, na mara nyingine kijiji kizima au ukoo mkubwa wa Kihindu ulitoka kanisani na jina moja. Wagoa waliohamia kusini, Mangalore, walilibeba, na huko ndiko D'Silva ilikoshika sana.

Nimesoma kwamba majina ya miti na mimea, kama Pereira, Oliveira na Silva, yalikuwa ya Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa. Ni kweli?

Si kweli kama inavyosemwa. Wayahudi wa Ureno walilazimishwa kubatizwa mwaka 1497, na kila mmoja alitoka na jina la Kireno. Walichukua majina yaliyokuwapo, yale yale ya jirani zao Wakristo: Silva, Pereira, Henriques, Nunes, Costa. Lengo lilikuwa kutoonekana. Mtu anayejificha havai kofia ya peke yake. Mahakama ya dini ilianzishwa mwaka 1536 ikafutwa 1821, na majalada yake yaliyoko Torre do Tombo, hifadhi ya taifa ya nyaraka huko Lisbon, yana akina Silva, kama yalivyo na majina mengine yote ya kawaida. Walioponyoka wakaenda Amsterdam na kurudia Uyahudi walibaki na majina hayo, na ndiyo maana da Silva utalikuta katika jumuiya za Wayahudi wa huko.

Basi Silva Myahudi wapo. Lakini jina halithibitishi lolote. Ureno ilipotunga sheria ya 2013 ya kuwapa uraia wazao wa Wayahudi hao, iliyowekewa kanuni mwaka 2015, jina la ukoo lilihesabiwa kama kielelezo kimoja kati ya kadhaa, na mwaka 2022 masharti yakakazwa zaidi. Wapo waliouziwa vyeti vya "asili ya Kiyahudi" kwa kutumwa jina tu. Aliyelipa alipata karatasi nzuri.

Mtu anaitwa Maria João Ferreira da Silva Costa. Jina la baba ni lipi?

Kwa desturi ya Ureno na Brazili la mama hutangulia na la baba humalizia, kwa hiyo uwezekano mkubwa baba ni Costa, au da Silva Costa. Sheria ya Ureno inaruhusu maneno sita katika jina kamili: mawili ya mtu mwenyewe, manne ya ukoo. Mpangilio wa mama kwanza ni desturi tu, sheria haikuulazimisha, na anayeukariri kama hesabu ataumbuka. Uhispania ni kinyume: baba kwanza, mama baadaye.

Mitego ni mitatu, na yote humnasa mtafuta nasaba. Kwanza, majina mawili yanaweza kuwa yametoka upande mmoja. Eusébio, mshambuliaji aliyezaliwa Lourenço Marques (Maputo ya leo) mwaka 1942, aliitwa Eusébio da Silva Ferreira. Ungedhani da Silva ni ya mama. La: baba yake alikuwa Laurindo António da Silva Ferreira, na jina la mama, Anissabeni, halimo kabisa. Pili, ndoa: nchini Ureno mke au mume anaweza kuongeza hadi majina mawili ya mwenzake, hivyo Silva ya mwanamke katika hati ya uzeeni inaweza kuwa ya mumewe. Tatu, mtu hutumia analopenda. Ayrton Senna da Silva, dereva wa mbio za magari, aliona da Silva zimezidi, akashindana kwa jina la mama yake. Diego Rodríguez de Silva y Velázquez, mchoraji wa Sevilla aliyezaliwa 1599, ambaye babu na bibi yake wa upande wa baba walitoka Porto, anajulikana kwa jina la mama vilevile. Angefuata desturi ya leo, makumbusho yangekuwa na picha za "Rodríguez de Silva". Lula alifanya la ajabu zaidi: Lula lilikuwa jina la utani, akaliingiza rasmi mwaka 1982 ili wapiga kura wamkute kwenye karatasi.

Babu wa mke wangu alikuwa Manuel da Silva kutoka Ureno, alizaliwa karibu na 1890. Nianzie wapi?

Usianze na Silva. Ukiandika "Manuel da Silva, Ureno" popote pale utapata maelfu, na mmoja wao atafanana na unayemtaka kiasi cha kukudanganya. Kinachofungua mlango ni *freguesia*, parokia alikozaliwa. Bila jina la parokia hakuna utafiti, kuna bahati nasibu tu.

Kwa hiyo kwanza pekua nyumbani na katika nchi alikohamia: cheti cha ndoa, cheti cha kifo, pasipoti, maombi ya uraia, kaburi, kitabu cha sala chenye tarehe nyuma ya jalada. Unatafuta vitu vinne: jina kamili la baba, jina kamili la mama, tarehe au mwaka, na parokia pamoja na *concelho*, wilaya yake. Concelho ni lazima, maana parokia zenye jina moja ni nyingi kupita kiasi. São Pedro peke yake itakumaliza. Ukikosa parokia, tafuta daftari la pasipoti katika hifadhi za mikoa: mhamiaji aliandikwa humo na alikotoka.

Ureno ilianza usajili wa serikali kwa wote mwaka 1911. Manuel alizaliwa kabla, kwa hiyo yumo katika daftari la ubatizo la kanisa. Daftari za kuzaliwa zikitimiza miaka 100 huhamishiwa hifadhi za nyaraka, za ndoa miaka 50, za vifo 30. Zilizo changa zaidi unaziomba ofisi ya usajili. Za zamani ziko katika hifadhi za mikoa, na nyingi zimepigwa picha na zinasomeka bure mtandaoni kupitia Digitarq na Tombo.pt. Nyingi hazina kisanduku cha kutafutia jina. Unafungua daftari la parokia la mwaka husika na kugeuza kurasa moja moja, jicho pembeni, kwani jina la mtoto kwa kawaida limeandikwa kwenye ukingo wa kushoto.

Hapo wengi hukwama: wanatafuta "Manuel da Silva" ukingoni na hawamwoni. Hawezi kuonekana. Mtoto alibatizwa Manuel tu. Jina la ukoo alikuja kulitumia ukubwani, na pengine alilichukua kwa babu, si kwa baba. Unachosoma ni wazazi. Habari njema ni kwamba kuanzia 1860 mapadri walipewa fomu ya kufuata, na ubatizo wa 1890 utakupa wazazi, kazi yao, kitongoji (*lugar*), wasimamizi, na babu na bibi wa pande zote mbili. Ukurasa mmoja, vizazi vitatu.

Kisha ruka uende kwenye ndoa ya wazazi, usiende moja kwa moja kwenye ubatizo wao. Ndoa inataja parokia alikotoka kila mmoja, na bila hilo utamtafuta mama katika kijiji cha mume ambako hakuzaliwa. Rudi nyuma mwaka mmoja mmoja kutoka kwa mtoto mkubwa unayemjua, daftari la ndoa la parokia ya bibi harusi kwanza, maana harusi mara nyingi ilifungwa kwao. Ndoa ikakupeleka kwenye ubatizo wa wazazi, nao ukakupeleka kwenye ndoa ya juu yake. Ni ngazi, usiruke kidato.

Wanawake watakusumbua. Utakuta Ana de Jesus, Maria Rosa, Josefa Maria, bila ukoo wowote, na mwanamke mmoja akiwa Rosa Maria katika ubatizo wa mtoto wa kwanza na Maria Rosa da Silva katika wa tatu. Usikubali kwamba ni yule yule mpaka mambo matatu yaafikiane: mume, kitongoji, na majina ya wazazi wake. Mawili hayatoshi. Kwa Silva hayatoshi kabisa.

Halafu maandishi. Mapadri walibana wino: *Roiz* ni Rodrigues, *Frz* ni Fernandes, *Glz* ni Gonçalves, *M.el* ni Manuel, *Fran.co* ni Francisco, *Ant.o* ni António. Silva huja kama *Sylva*, na s ndefu ya zamani inafanana na f. Soma kurasa kumi za padri huyo huyo kabla ya kusoma ile unayoitaka. Mkono wake utauzoea. Ukifika Lisbon kabla ya Novemba 1755, jiandae kwa pengo: tetemeko la ardhi na moto wake vilikula madaftari ya parokia nyingi za jijini.

Nami wangu ni Silva wa Brazili, mzao wa watumwa. Naambiwa nisijisumbue kwa sababu kumbukumbu zote zilichomwa moto.

Zilizoagizwa kuchomwa, kwa amri ya waziri Rui Barbosa ya Desemba 1890, zilikuwa kumbukumbu za utumwa zilizokuwa katika hazina: za kodi na orodha za umiliki. Vitabu vya ubatizo havikuwa vya hazina. Daftari za wathibitishaji hati, zenye *cartas de alforria*, barua za kuachwa huru, hazikuwa za hazina. Wala mirathi na wosia za mahakamani, ambamo watumwa waliorodheshwa kwa jina, umri, kazi na bei, mstari mmoja baada ya ng'ombe.

Usajili wa serikali Brazili ulianza kutumika nchi nzima tarehe 1 Januari 1889, miezi michache tu baada ya utumwa kufutwa Mei 13, 1888. Kwa hiyo shuka na vyeti mpaka hapo, kisha ingia parokia. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch ina picha nyingi za vitabu hivyo. Baada ya 1871 tafuta kwa makini zaidi, kwani sheria ya mwaka huo iliyowapa uhuru watoto wa mama watumwa iliagiza wasajiliwe, na jina la mama limeandikwa pamoja na la bwana. Ukishapata jina la bwana, fuata mirathi ya *bwana*, hata kama yeye si Silva. Mara nyingi si Silva.

Kuna duka la mtandaoni linauza nembo ya ukoo wa Silva, ngao yenye simba. Ninunue?

Kama ni pambo, nunua. Ngao ya simba ilikuwa ya wale makabaila wa Minho. Kuipata ilibidi uthibitishe uzao wako kwao, kizazi kwa kizazi, na muuza duka hakukuuliza hata jina la bibi yako.